La Paz mezani: kutengeneza modeli ya jiji la milimani kwa maboksi na uji wa muhogo

Mtoto anayesoma Shangani au Mikindani ana bahati moja katika Jiografia: sifuri ya kipimo cha mwinuko iko jirani na kwao. Kitabu kinaposema "kutoka usawa wa bahari", usawa wenyewe ni wastani wa maji yale yale anayoyaona yakijaa na kupwa pale kivukoni Msangamkuu. Anachokosa ni upande wa pili wa kipimo. Ukimwambia La Paz, Bolivia, iko mita 3,650 juu, anaandika namba hiyo kwenye daftari na kuisahau.

Mwongozo huu ni wa walimu wa Mtwara na Lindi, na wa vilabu vya wanafunzi. Unaeleza jinsi ya kujenga modeli ya La Paz na jirani yake El Alto, sentimita 80 kwa 60, kwa vitu vinavyopatikana dukani na jikoni, na jinsi ya kuitumia kufundisha historia na uchumi wa jiji hilo. Tumeichagua La Paz kwa sababu huko mwinuko ndio unaoamua karibu kila kitu: nani akae wapi, nani alimshinda nani, maji yaende bahari gani, na watu wafikeje kazini. Mwanafunzi akiushika mwinuko huo kwa mkono, mengine yote yanapata mahali pa kukaa.

Kazi inachukua wiki kadhaa, kwa kundi la wanafunzi wanane hadi kumi wanaokutana saa mbili kwa siku, mara tatu kwa wiki. Ifanyeni kipindi cha kusi, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, gundi haikauki na maboksi yanalegea.

Elewa kwanza umbo la mahali

Kosa kubwa kuliko yote ni kujenga mlima na kuuweka mji kileleni. La Paz haiko kileleni. Iko ndani ya shimo.

Juu kuna uwanda mpana, Altiplano, tambarare kama uwanja wa mpira, ulioinuka kama mita 4,000. Uwanda huo unafika ukingoni na kukatika ghafla, na chini yake kuna bonde lenye umbo la bakuli lililochimbwa na mto Choqueyapu. El Alto imekaa juu ya uwanda. La Paz inaanzia ukingoni, inashuka kwenye miteremko, inafika katikati ya jiji penye uwanja wa Plaza Murillo kwenye mita 3,640 hivi, halafu inaendelea kushuka kuelekea kusini mashariki hadi vitongoji vya Zona Sur, kwenye mita 3,200 hadi 3,400.

Kwa mwanafunzi wa huku, mfano wa karibu upo Newala. Anayesimama Shimo la Mungu yuko juu ya uwanda wa Makonde, na mbele yake ardhi inadondoka hadi bonde la Ruvuma. Mwambie auweke mji mzima kwenye ule mteremko, kisha aupandishe wote hadi juu ya mita 3,000. Hapo amekaribia. Tofauti moja ieleze mapema: Newala watu walikaa juu na maji yakawa chini, ndiyo maana kina mama walishuka na kupanda na ndoo kwa miaka mingi. La Paz maji yanatoka juu zaidi ya mji, kwenye theluji na mabwawa ya safu ya milima ya Cordillera Real.

Vifaa

Tafuta maboksi makubwa kumi ya aina nene, ya televisheni au ya mafuta ya kula. Boksi moja kubwa likifunguliwa linatoa karibu mita moja ya mraba. Yawe na unene wa milimita 5. Ukipata ya milimita 3 tu, utabandika matatu mahali ambapo mwongozo unasema mawili. Usichukue mifuko wala maboksi yaliyobebea salfa ya mikorosho. Unga wake unabaki kwenye mikunjo, na watoto watakuwa wanakata na kupuliza vumbi hilo usoni.

Chini ya modeli panahitajika plaiwudi ya sentimita 80 kwa 60. Mengine ni kilo moja ya unga wa muhogo, magazeti ya zamani kilo mbili, visu vya wembe vitatu, brashi mbili za inchi mbili, rangi ya mafuta nusu lita nyeupe na nusu lita ya rangi ya udongo, uzi wa cherehani wa rangi nyekundu, njano, kijani na bluu, pini, njiti za kiberiti, na karatasi kubwa za manila mbili. Ongeza bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, jipya na lisilo na sindano. Kazi yake itaonekana baadaye.

Gundi ya muhogo

Chekecha unga wa makopa, yaani muhogo mkavu, hadi uwe laini. Kikombe kimoja cha unga kikoroge kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe vinne vya maji, mimina mchanganyiko huo huku unakoroga, endelea kwa dakika tano hadi uji ung'ae na kuacha kuonekana mweupe. Epua, weka kijiko cha chakula cha siki, uache upoe.

Uji usioiva vizuri unashika siku ya kwanza na kubanduka siku ya tatu, kwa sababu wanga haujafunguka. Uji mzito kupita kiasi unaacha vibonge katikati ya matabaka, na modeli inakuwa na vifundo. Kwa joto letu gundi hii inachacha baada ya siku mbili hata ikiwa na siki, kwa hiyo pika ya siku hiyo tu.

Uji huo una jambo lake la kufundisha. Muhogo asili yake ni Amerika Kusini. Karanga nazo zilianza kulimwa katika eneo la kusini mwa Bolivia na kaskazini mwa Argentina, na mkorosho uliletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazil. Weka bakuli la karanga na korosho mezani wakati gundi inapoa, uwaulize wanafunzi ni nini kati ya hivyo ni cha kwao. Mjadala utakaofuata utazidi hotuba yoyote ya utangulizi.

Mchoro na pini nne

Skeli ya ulalo ni 1:20,000, yaani sentimita 1 ni mita 200. Ubao mzima unabeba kilomita 16 kutoka magharibi hadi mashariki na kilomita 12 kutoka kaskazini hadi kusini. Kona ya juu kushoto iwe karibu na latitudo 16°27′ Kusini na longitudo 68°13′ Magharibi. Kimo tunakikuza mara mbili: sentimita 1 ya kimo ni mita 100. Usipokikuza, bonde lote linakuwa na kina cha sentimita nne na nusu tu, na mwanafunzi aliyekaa nyuma haoni kitu. Lakini andika ukweli huo pembeni mwa modeli kwa herufi kubwa, la sivyo watoto watadhani magenge ya La Paz ni wima kama ukuta.

Piga mraba wa sentimita 10 juu ya manila nzima: minane kwa sita, kila mraba kilomita 2. Fungua ramani yenye kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko mmoja, kwenye simu, igawe kwa mraba huo huo, halafu nakili mraba mmoja baada ya mwingine. Chukua kontua za kila mita 100, kuanzia 3,300 hadi 4,100. Zirahisishe, kona ndogo kuliko sentimita moja iache.

Kabla ya kontua, weka alama nne. Zinapimwa kutoka ukingo wa kushoto, kisha kutoka ukingo wa juu. Uwanja wa ndege wa El Alto: 15 na 32. La Ceja, mahali ambapo El Alto inaishia ukingoni: 30 na 27. Plaza Murillo: 46 na 22. Calacoto, Zona Sur: 75 na 47. Kontua zako zikipishana na alama hizi kwa zaidi ya sentimita mbili, umekosea mraba mahali fulani. Rudi nyuma sasa, kwa sababu baada ya kukata hakuna kurudi.

Kukata na kubandika

Plaiwudi ndiyo mita 3,200. Kila hatua ya mita 100 ina matabaka mawili ya boksi la milimita 5, na hatua ni tisa. Kwa hiyo matabaka ni 18, na ukingo wa El Alto utasimama kama sentimita 9 juu ya plaiwudi.

Kwa kuwa jiji liko shimoni, kila tabaka ni karatasi yenye tundu. La chini lina tundu jembamba, mfereji wa mto tu upande wa kusini mashariki. Kadiri unavyopanda, tundu linapanuka. Hii inakupa njia rahisi: tumia manila moja kama kielelezo. Kata kwanza tundu la 3,300, chora kwenye maboksi mawili. Panua manila ile ile hadi 3,400, chora tena. Endelea hivyo hadi 4,100. Anayeruka hatua moja ameharibu kielelezo, ndiyo sababu ya manila ya pili: iwe nakala kamili, ikae kabatini.

Mambo mawili hukosewa hapa. La kwanza ni vilima vilivyobaki peke yake ndani ya bakuli kama visiwa. Vinakatwa vikaanguka sakafuni na kutupwa pamoja na makapi. Viandike namba na mwinuko kabla ya kukata. La pili ni tabaka la 4,100: halifuniki El Alto yote. Uwanda unainamia taratibu kuelekea kusini magharibi, na uwanja wa ndege uko mita 4,061. Tabaka hilo linakaa upande wa kaskazini na kwenye vilima vya mashariki, sehemu nyingine inaishia 4,000. Wanafunzi wakilalamika kwamba uwanda wao una ngazi, wamekata sawasawa.

Ili kuokoa maboksi, sehemu ya magharibi iliyofunikwa kabisa chini ya El Alto si lazima iwe boksi zima. Jaza kwa vipande vya makapi, lakini mianya isizidi sentimita 5, la sivyo uwanja wa ndege utabonyea.

Paka gundi kidogo, kwa brashi, upande mmoja. Boksi lililolowa linavimba upande wenye gundi na kupinda kama kigae. Dawa ni mbili. Geuza mistari ya ndani ya boksi: tabaka moja mistari iende kaskazini-kusini, linalofuata mashariki-magharibi, ili zivutane. Na kila baada ya matabaka mawili weka ubao juu, kisha matofali manne au ndoo mbili za maji, uache usiku kucha. Usibandike matabaka yote 18 siku moja kwa haraka. Katikati hapatakauka, na wiki inayofuata utasikia harufu ya ukungu.

Mwishoni funika ngazi kwa vipande vya gazeti vilivyochovywa kwenye uji, safu tatu, ukilainisha kwa kidole kila mkono wa bonde. Kausha kivulini siku tatu. Jua la moja kwa moja linapasua gazeti kwenye kingo. Halafu paka rangi ya mafuta mara mbili: udongo kwa ardhi, na nyeupe iliyochanganywa kwa sehemu zenye majengo mengi.

Illimani, mlima wa theluji wenye mita 6,438 unaoonekana kila mahali jijini, haumo ubaoni. Uko mbali upande wa kusini mashariki, nje ya ramani. Uchore ukutani nyuma ya modeli, na usikubali kushawishiwa kuubandika pembeni kwa sababu unapendeza.

Kuiweka historia juu ya ardhi

Sasa modeli ianze kazi. Fuata mpangilio wa miaka, kila tukio liwe na kitu cha kugusa.

Anza na uzi wa bluu wa mto Choqueyapu. Kabla ya Wahispania, bonde hili lilikuwa na makazi ya Waaymara, wenyeji wa Altiplano, yaitwayo Chuquiago, na mto ulitoa dhahabu. Tarehe 20 Oktoba 1548 Alonso de Mendoza alianzisha mji wa Nuestra Señora de La Paz, jina la amani, baada ya vita vya Wahispania wenyewe kwa wenyewe huko Peru. Aliuanzishia Laja, juu kwenye uwanda, lakini baada ya siku chache ukahamishiwa bondeni. Waulize wanafunzi: kwa nini kushuka shimoni? Mwache mmoja apulizie hewa juu ya modeli kwa kipande cha boksi, mwingine aweke mkono ndani ya bakuli. Uwandani kuna upepo mkali na baridi, bondeni kuna hifadhi na maji. Tena mahali hapa palikuwa njiani kati ya migodi ya fedha ya Potosí, iliyoanza 1545, na Lima. Mji ulikula kwa biashara ya njia hiyo.

Halafu njoo 1781, na hapa usiwe na haraka. Mpe kila mwanafunzi njiti tano za kiberiti azichomeke ukingoni, kuzunguka bakuli lote. Hao ni wapiganaji wa Túpac Katari, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Julián Apaza, na mkewe Bartolina Sisa. Kuanzia Machi hadi Oktoba mwaka huo, kukiwa na mapumziko katikati, jeshi la Waaymara liliuzingira mji. Waulize watoto: chakula kitapita wapi? Watatafuta njia kwa vidole na kukuta kila mlango una njiti juu yake. Maelfu walikufa mjini, wengi kwa njaa. Mzingiro ulivunjwa na majeshi yaliyotoka nje, Katari akauawa Novemba 1781 na Sisa Septemba 1782. Mwanafunzi aliyechomeka njiti zile haulizi tena kwa nini aliye juu ana nguvu.

Acha njiti zibaki, kwa sababu mwaka 2003 zinatumika tena. Mwezi Oktoba wakazi wa El Alto walifunga barabara wakipinga mpango wa kuuza gesi asilia nje kupitia Chile. La Paz ikakosa mafuta na chakula, na tarehe 17 Rais Gonzalo Sánchez de Lozada akajiuzulu. Miaka 222 imepita, ukingo ni ule ule. Hapa Mtwara, ambako gesi ina historia yake, mjadala unaweza kuwaka. Upe muda, lakini mrudishe kila msemaji kwenye modeli aonyeshe anachosema.

Katikati ya matukio hayo pita kwa hatua fupi. Uasi wa 16 Julai 1809 ulioongozwa na Pedro Domingo Murillo, aliyenyongwa Januari 1810 na ambaye uwanja mkuu una jina lake. Uhuru wa Bolivia, 6 Agosti 1825. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1898 na 1899, ambavyo baada yake serikali ilihamia La Paz kutoka Sucre. Hapa sahihisha kosa linalorudiwa kwenye mitihani: mji mkuu wa Bolivia kikatiba ni Sucre, na mahakama kuu iko huko. La Paz ni makao ya rais na bunge.

Uchumi: nani anakaa wapi

Nunua karanga za shilingi mia tano, uzimwage El Alto. Kila karanga ni familia ya mchimbaji. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, serikali ikapunguza zaidi ya wafanyakazi 20,000 wa migodi yake, na wengi wao walihamia El Alto, ambako ardhi ilikuwa rahisi na tambarare. Mwaka huo huo El Alto ilitengwa kuwa manispaa yake. Kufikia sensa ya 2012 ilikuwa imeizidi La Paz: zaidi ya watu 840,000 dhidi ya zaidi ya 750,000.

Kisha waulize nyumba za gharama ziko wapi. Karibu wote wataonyesha juu, penye mandhari. Ziko chini, Zona Sur. Fanyeni hesabu: joto linapungua nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000. Kati ya El Alto na Calacoto kuna karibu mita 800, kwa hiyo chini kuna joto zaidi kwa nyuzi tano au zaidi, na hewa ni nzito zaidi. Kanuni hiyo usiitumie kutoka Mtwara moja kwa moja. Ukianza na nyuzi 26 za hapa na kupanda mita 3,650 unapata nyuzi 2, na wastani halisi wa katikati ya La Paz uko juu ya hapo kwa nyuzi kadhaa, kwa sababu uwanda mpana uliopigwa na jua unaipasha hewa iliyo juu yake.

Kazi za jiji ni za serikali, biashara na huduma bondeni. Viwanda vidogo, ushonaji na masoko juu. Soko la 16 de Julio la El Alto hufanyika Alhamisi na Jumapili, na linauza kuanzia mitumba hadi injini za magari. Chukua uzi mwekundu, uufunge kutoka alama ya 40 na 20 hadi 29 na 24: ndio mstari wa kwanza wa Mi Teleférico, magari ya waya yaliyofunguliwa 30 Mei 2014. Unaanzia kituo cha zamani cha reli na kufika El Alto kwa kama dakika 10. Ya njano na kijani ilifuata mwaka huo huo, na kwa pamoja zikawa rangi za bendera ya Bolivia. Uzi ukaze vizuri. Ukilegea ukagusa mteremko, unapoteza somo zima, kwamba gari linavuka juu ya barabara zenye kona nyingi na foleni za daladala za huko.

Chakula cha uwandani kielezeni kwa makopa. Wakulima wa Altiplano huanika viazi vidogo nje usiku wa Juni na Julai vigande kwa barafu, mchana vinayeyuka juani, kisha wanavikanyaga kwa miguu kukamua maji na kuvikausha. Vinaitwa chuño na vinakaa miaka. Sisi tunakausha muhogo kwa jua peke yake. Wao wana jua na barafu.

Bandari ndiyo jambo la mwisho la uchumi, na watoto wa hapa wanalielewa haraka. Bolivia ilipoteza pwani yake katika vita na Chile vilivyoanza 1879. Mkataba wa 1904 ulithibitisha hilo, na reli ya Arica hadi La Paz iliyofunguliwa 1913 ilikuwa sehemu ya makubaliano. Mpaka leo mzigo mwingi wa La Paz unapitia bandari ya nchi nyingine. Waulize korosho za Tandahimba na makaa ya mawe ya Ruvuma yangekuwaje kama gati la Mtwara lingekuwa la nchi nyingine.

Maji na maporomoko

Dondosha maji kwa kijiko juu ya El Alto, halafu ndani ya bakuli. Tone la kwanza, katika hali halisi, linaelekea Ziwa Titicaca, bonde lisilo na njia ya kwenda baharini. La pili linashuka na Choqueyapu, linaingia mto Beni, kisha Amazon, mpaka bahari ya Atlantiki. Kati ya matone hayo kunaweza kuwa na mita mia chache tu. Tumia kijiko, si kikombe: rangi ya mafuta inazuia matone, haizuii mafuriko.

Maporomoko ya ardhi yafanyieni nje, kwenye karai. Weka udongo wa mfinyanzi uliolowa makopo matatu kama mteremko wa nyuzi 30, juu yake mchanga uliochanganywa na udongo makopo sita, kisha maboksi ya kiberiti kama nyumba. Toboa kizibo cha chupa ya lita moja na nusu matundu kumi, mimina taratibu. Mchanga mtupu unakunywa maji na hakuna kinachotokea. Mfinyanzi mtupu unayatiririsha. Tabaka la kuteleza chini na zito juu ndilo linaloshuka, hasa ukikata mguu wa mteremko kwa kijiko kama mjenzi anavyofanya kupata kiwanja. La Paz imejengwa juu ya udongo laini wa namna hiyo, na vijito vingi vimefunikwa chini ya barabara. Tarehe 19 Februari 2002 mvua ya mawe ya muda mfupi iliua watu takriban 70. Februari 2011 mteremko mkubwa uliteleza na kubomoa mamia ya nyumba.

Bomba la sindano

La Paz maji yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi, kwa sababu mgandamizo wa hewa ni karibu theluthi mbili ya ule wa pwani. Maharage yanaiva kwa sufuria ya presha, au yanakaa jikoni nusu siku. Mtu aliyetoka pwani anahema kwa kupanda ngazi tu. Mwaka 2009 Argentina ilifungwa 6-1 na Bolivia kwenye uwanja wa Hernando Siles, jijini La Paz, na mfano huo wanafunzi hawausahau.

Chemsha maji, yaache dakika tano kwenye kikombe. Vuta mililita 4 kwenye bomba, toa hewa yote iliyobaki, ziba mdomo kwa kipande cha mpira, uvute mchi kwa nguvu. Maji yataanza kuchemka mkononi bila moto. Yasipochemka, ama yamepoa, ama kuna hewa ndani, ama umejaza bomba hadi hakuna nafasi ya kuvuta. Mwalimu avute mwenyewe mara ya kwanza.

Kuitunza

Usiilaze modeli sakafuni hata usiku mmoja. Mchwa wanapenda boksi, mende wanapenda uji wa muhogo, na modeli ina vyote viwili. Iweke juu ya meza ambayo miguu yake imo ndani ya vikopo vyenye maji na matone ya mafuta ya taa, au itundike ukutani kwa misumari minne, uso ukiwa nje. Kila mwezi ipanguse vumbi kwa brashi kavu, na mwanzoni mwa Novemba, kabla ya mvua, paka rangi tena upande wa chini wa plaiwudi.